Aliyetufundisha Kulia

Waliosoma nasi Kangemi katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ukiwatajia mwalimu wetu wa darasa la tatu, kwanza hujishika makalio, kisha hucheka. Alikuwa na fimbo ya mwanzi iliyolala juu ya fremu ya mlango, na aliyeingia baada ya kengele aliionja, awe mvulana au msichana, mvua iwe inanyesha au jua linawaka. Kwa hiyo nikisema kwamba ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemwona akimwacha mtoto alie mpaka amalize, wengine hudhani nimemchanganya na mtu mwingine. Sijamchanganya. Ni yule yule.

Ukoo wake siujui vizuri. Alitoka magharibi kama sisi, upande wa Bungoma, na alikuja Nairobi kabla yetu. Nilichokijua ni kile ambacho mtoto hukiona: urefu wake, koti la kijivu lililong'aa viwikoni kwa kuchakaa, na chaki iliyoingia katika mistari ya vidole vyake isitoke hata akinawa. Alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kitu njiani. Chai yake aliinywa bila sukari, na mtu akimtilia kijiko kimoja kwa heshima, aliinywa yote kisha akanung'unika mpaka jioni.

Tena alikuwa na ugonjwa wa lugha. Sisi tulizungumza Kiswahili cha Kangemi, kile cha kusema kiti yangu na kitabu yake, na yeye kila kosa alilisikia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alisahihisha watoto, alisahihisha akina mama bombani, na mara moja alimsahihisha mhubiri katikati ya mahubiri. Hata mtoto aliyekuja kwake analia alisahihishwa kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyomjua mimi. Mama yangu alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa mjini, baba alitoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua Industrial Area, na shangazi alikuwa amekuja kutoka nyumbani kutulea mimi na mdogo wangu. Kila asubuhi nilipoingia darasani, tumbo lilinikamata. Siku moja nikajikaza nikaenda mezani kwake.

"Mwalimu, tumbo yangu inauma."

"Tumbo langu linauma," alisema bila kuinua macho. "Sema."

"Tumbo langu linauma."

"Tangu lini?"

"Kila siku asubuhi. Nikirudi nyumbani inaacha."

"Linaacha." Hapo ndipo aliponitazama. "Nyumbani kuna nani, Rasoa?"

"Shangazi na baba."

"Na mama?"

Midomo ilianza kucheza yenyewe. Nilisubiri aniambie ninyamaze, maana ndivyo watu wazima wote walivyosema, wengine kwa upole na wengine kwa kofi. Yeye aliinuka, akanishika bega, akanipeleka nyuma ya darasa penye tangi la maji na tuta la kabichi za shule. Akanipa kopo.

"Mwagilia. Ukitaka kulia, lia. Kabichi hazisemi kitu. Ukimaliza, njoo."

Nilimwagilia tuta lote nikilia. Kamasi, machozi na maji, vyote vilienda kwenye kabichi. Niliporudi aliniuliza kama lile la tumboni limeisha. Nilisema limepungua tu.

"Basi," alisema. "Haliishi leo. Lisogezee nafasi kwenye dawati likae na wewe, tuendelee na hesabu."

Tangu siku hiyo, asubuhi nyingine aliponiita jina nikaitika, aliongeza swali kwa sauti ya chini: "Liko wapi leo?" Nami nilionyesha. Tumboni. Kooni. Siku nyingine nilitikisa kichwa, kwamba leo halijaja, naye akaendelea kuita majina. Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na Nyambura, ambaye nyumba yao ilikuwa imeungua. Kulikuwa na kijana mmoja mnene ambaye baba yake alilewa kila mwisho wa wiki, na kila Jumatatu alionyesha kichwa. Hatukuchekana. Sijui alifanyaje tusichekane, maana kwa mambo mengine yote tulichekana bila huruma.

Tuliishi naye ploti moja. Vyumba vilikuwa vimepangwa mistari miwili, kuta za udongo, paa la mabati, na uwanja mdogo katikati wenye kamba za kuanikia. Chumba chake kilitazamana na chetu. Kwa sababu hiyo nilimwona kwa miaka mingi, nikiwa darasa lake na baada ya kulitoka, na nikaja kuelewa kwamba lile alilofanya halikuwa la bahati. Alikuwa amelifikiria.

Watoto wa darasa la kwanza waliposhindwa kunyamaza, mwalimu wao, binti mdogo aliyetoka chuoni juzi tu, aliwaleta kwake. Yeye hakuwauliza lolote. Alimkalisha mtoto kwenye benchi ubavuni mwake, akaendelea kusahihisha madaftari, akivuta pumzi polepole kwa nguvu, puani, kama ng'ombe. Baada ya muda mtoto alianza kupumua vivyo hivyo bila kujua. Nilimsikia akimwambia yule binti, "Huyu mdogo humwelezi kitu. Unakaa naye tu mpaka kifua chake kishuke. Bado hana chake, anaazima chako."

Sisi wa darasa la tatu alituuliza liko wapi. Waliofika darasa la tano aliwataka waliite jina. Alikuwa akikutana nao bombani au njiani, na akiona uso umeharibika, alisimama. "Ni hofu, ni hasira au ni aibu?" Ukisema hasira, aliuliza tena, "Una hakika? Maana hasira na aibu zinafanana sura." Mara nyingi uligundua kwamba ilikuwa aibu. Waliokuwa wakubwa zaidi aliwauliza jambo jingine: "Kesho litakuja tena. Utafanya nini kabla halijafika?" Mmoja alisema atakimbia mpaka barabara kuu na kurudi. Mwingine alisema ataenda kwa rafiki yake wafanye kazi ya shule pamoja. Alikubali jibu lolote, ili mradi liwe jibu.

Wakubwa wa darasa la saba ndio waliomtisha. Hao ukiwauliza walikuwa wamekwisha jifunza kutabasamu. Nilimsikia akimwambia baba yangu, wakiwa wamekaa nje Jumapili mchana na vikombe vyao vya chai, "Mtoto akinililia, mimi nalala usingizi. Akiniambia hakuna kitu, hapo ndipo naogopa."

Baba alitikisa kichwa tu. Baba hakuwa mtu wa maneno hayo.

Mama alikufa nikiwa katika darasa lake. Sikuambiwa. Watu wazima walizungumza kwa lugha ya nyumbani upesi upesi, baba alisafiri, na shangazi aliniambia kwamba mama ametolewa hospitali, amepelekwa nyumbani kupumzika, na nisimsumbue kwa maswali. Niliacha kula. Shangazi akadhani ni minyoo, akaninywesha dawa chungu.

Alasiri moja Mwalimu alivuka uwanja, akasimama mbele ya mlango wetu. Shangazi alikuwa anachambua mboga. Mimi nilikuwa nimejikunja nyuma ya mlango, ninasikia kila neno.

"Dada, huyu mtoto ameambiwa?"

"Ataambiwa akikua. Ni mdogo, Mwalimu. Atavunjika."

"Amekwisha vunjika. Tumbo lake lilijua kabla yenu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hajakosea."

"Baba yake amekataza."

"Basi baba yake atagombana na mimi."

Kisha nikasikia shangazi akilia, naye alikuwa mtu mgumu, sijawahi kumsikia akilia kabla wala baada. Mwalimu akaniita nje. Alivuta kigoda akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu, akanishika mikono yote miwili.

"Rasoa. Mama yako amekufa. Amezikwa nyumbani. Hatarudi. Hukufanya kosa lolote, na hakuna ambacho ungefanya."

Nilipiga ukelele. Nikamchapa kifuani kwa ngumi, nikamng'ata mkono, kovu lake alikuwa nalo miaka mingi. Hakuniachia. Majirani walitoka, akawaashiria kwa kichwa warudi ndani. Nililia mpaka sauti ikakatika, nikalala palepale kwenye koti lile lenye harufu ya chaki.

Baba aliporudi waligombana kweli. Hawakusalimiana kwa muda mrefu. Na mimi, wiki iliyofuata nilichelewa kengele, nikachapwa kama wengine wote. Nilimtazama usoni alipoinua fimbo, nikidhani ataniachia kwa sababu ya msiba. "Nyoosha mkono," alisema. Nilimchukia siku ile. Lakini baadaye nilipolala niliona kwamba darasani nilikuwa mtoto kama watoto wengine, na katika ploti nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo nilikuwa hivyo.

Sasa niseme habari za Wafula.

Wafula alikuwa mwana wa Mwalimu, mtoto wao wa pekee aliyeishi. Tulikuwa rika moja, darasa moja. Kijana mwembamba mwenye macho makubwa, mwepesi wa kutengeneza vitu. Alitengeneza magari ya waya yenye usukani uliogeuza magurudumu kwelikweli, akawapa watoto wa ploti bila kudai chochote. Darasani alikaa dawati la mbele kabisa, chini ya pua ya baba yake, na kama sisi wote alimwita Mwalimu. Asubuhi zote zile za kuita majina, sikumbuki hata moja aliyoulizwa liko wapi.

Siku moja aliinua mkono mwenyewe. Nadhani ni wakati ule mama yake alipopoteza mimba. Sisi watoto tulijua tu kwamba Mama Wafula hatoki ndani na wanawake wanaingia na mabeseni.

"Mwalimu," Wafula alisema, akaweka kidole kooni. "Langu liko hapa."

Mwalimu alimtazama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Wafula, nikaona shingo yake inavyosubiri.

"Wewe kaa chini," alisema. "Wewe una baba."

Wafula akakaa. Somo likaendelea. Hakuinua tena mkono kwa jambo lile, wala siku ile wala nyingine.

Nilikuja kusikia sababu, kama sababu ile inatosha. Jioni moja nilikuwa naosha sufuria karibu na mlango wao. Mama Wafula alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, lakini siku ile aliipandisha.

"Watoto wa watu wote unawauliza. Huyu wako je?"

"Huyu wangu lazima awe imara. Watu watasema nampendelea."

"Nani atasema? Mimi sijasikia mtu akisema."

"Watasema. Na siku nikifa, nani atamuuliza? Afadhali azoee."

"Azoee nini, Baba Wafula? Ana miaka tisa."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe kisichokuwa na sukari.

Safari yetu ya maonyesho ya kilimo pale Jamhuri ndiyo inayonijia kila ninapomfikiria, kwa sababu siku ile niliwaona watu wawili ndani ya mtu mmoja. Tulikwenda kwa miguu kutoka Kangemi, tukateremka Kawangware, tukapanda mpaka Barabara ya Ngong, wawili wawili tumeshikana mikono, wengi tukiwa peku. Kule ndani kulikuwa na fahali wakubwa kama nyumba, matrekta mekundu, bendi ya shaba, Wahindi na familia zao wamevaa vizuri, na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja. Tuliponyweshwa maziwa kwenye vikombe vya karatasi, Nyambura alisikia harufu ya moshi. Mtu alikuwa anachoma nyama upande wa pili wa ua. Nyambura alidondosha kikombe, akajilaza chini, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Mwalimu alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya pekee. Watu walitukanyaga, askari mmoja akamwambia atuondoe njiani. Yeye hakumsikia. "Nyambura, nitazame. Huo ni moshi wa nyama. Unaona yule mtu mwenye aproni? Anachoma nyama. Leo hakuna nyumba inayoungua. Nishike masikio." Nyambura akamshika masikio, yote mawili, akayavuta kwa nguvu, na Mwalimu akakaa hivyo na masikio yake yakivutwa, akipumua kwa sauti, mpaka msichana akalegea. Kisha akambeba mgongoni.

Tulipohesabiwa ili turudi, Wafula hakuwepo.

Nilimwona Mwalimu akibadilika rangi. Alimshusha Nyambura, akatukabidhi kwa mwalimu mwenzake, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alipita kwenye mabanda akiita kwa sauti iliyopasuka, "Wafula! Wafula we!" na watu wakageuka. Alimpata kwenye trekta. Wafula alikuwa amejificha chini ya injini akiangalia jinsi vyuma vilivyoshikana, kisha alipotoka akakuta hatupo, akaogopa, akarudi chini ya trekta akajikunja huko huko.

Alirudi naye akimvuta kwa kola. Walipotufikia, Wafula alikuwa anajaribu kusema kitu, kifua kinapanda na kushuka, maneno hayatoki. Mwalimu akampiga kofi. Moja, kwa mkono uliofunguka. Mbele yetu sote.

"Unanyamaza?"

Wafula alinyamaza. Nikaona jinsi alivyofanya: alimeza. Alimeza kama mtu anayemeza kidonge kikubwa bila maji, mara moja, mara ya pili, kisha uso wake ukawa laini kabisa. Njia yote ya kurudi alitembea mbele, peke yake, akipiga kokoto. Nyambura alilala mgongoni kwa Mwalimu mpaka Kangemi.

Wapo watakaosema alikuwa mnafiki. Mimi niliiona mikono yake siku ile baada ya kofi. Aliipangusa kwenye koti mara nyingi, kisha akaificha mifukoni. Nadhani alimpenda yule mtoto kwa hofu kubwa mno, na hofu yake mwenyewe hakujua ilikuwa imekaa wapi. Lakini Wafula hakuiona ile mikono. Alikuwa ameshatangulia.

Tukakua. Wafula akawa mvulana mtulivu, mwenye adabu, ambaye akina mama wote walimsifu. Hakuwa na makuu. Ukimuuliza habari alisema njema, ukimwonea alitabasamu. Katika ploti nzima mtu pekee aliyejua kwamba analia alikuwa mimi, na nilijua kwa bahati tu, nilipokwenda chooni mchana mmoja nikasikia pumzi nyuma ya ukuta wa mabati wa choo, pumzi ya mtu aliyejiziba mdomo. Alitoka baada ya muda akiwa amenawa uso. Akanisalimia vizuri sana.

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlango mmoja wa kuingia sekondari, na wengi wetu tuliusukuma kwa bega la familia nzima. Matokeo yalisomwa na mwalimu mkuu tumesimama uwanjani. Mimi nilipata nafasi ya shule ya bweni ya wasichana. Nyambura naye alipata. Jina la Wafula halikusomwa. Walimu walitazama chini. Mwalimu aliondoka uwanjani kabla ya mwalimu mkuu kumaliza, akaenda zake nyumbani na kichwa chake kimeinama, na Wafula akamfuata kwa mbali, si kwa kumkimbilia wala kwa kumkwepa.

Jioni ile chumba chao kilikuwa kimya. Baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha patana naye, alipeleka mkate na kurudi nao. "Amekaa tu," alisema. "Mtoto yuko upande huu, yeye upande ule."

Asubuhi nilimkuta Wafula bombani. Alikuwa anafua shati lake la shule kwa uangalifu, kola kwanza, kisha mikono.

"Wafula, pole."

"Ya nini?"

"Ya mtihani."

"Aa." Alitabasamu. "Hakuna kitu, Rasoa. Ni mtihani tu."

Alilikamua, akalianika, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja. Tulipokula chakula cha mchana hakuwepo. Usiku hakuwepo. Shati lilikaa kwenye kamba mpaka mama yake alipolitoa, na hata hapo alilikunja akaliweka sandukuni kana kwamba mwenyewe yuko kazini tu.

Mwalimu alimtafuta. Alimtafuta Kawangware na Waithaka, kituo cha mabasi ya mashambani, gereji zote za kule chini mtoni mjini ambako vijana walilala ndani ya magari mabovu. Alikwenda polisi, akarudi na jibu kwamba wavulana wengi hukimbia na wengi hurudi. Jumamosi baada ya Jumamosi alivaa lile koti akatoka, na sisi tulijifunza kutomwuliza jioni.

Aliendelea kufundisha. Hakukosa siku. Lakini dada yangu mdogo alikuwa darasani kwake mwaka ule, naye aliniambia kwamba Mwalimu sasa huita majina tu, hadi mwisho, kisha hufunga kitabu. Mtoto mmoja mgeni alilia siku nzima, na Mwalimu alimtazama muda mrefu kama mtu anayetaka kukumbuka jambo, kisha akasema, "Nyamaza." Mtoto akanyamaza. Hata fimbo aliacha kuitumia. Waliochelewa walipita mlangoni, naye hakugeuka. Dada yangu alisema hilo ndilo lililowaogopesha.

Mama Wafula alivumilia kwa muda, kisha akafunga vitu vyake akarudi kwao. Siku ya kuondoka alikuja kutuaga. Shangazi akamwambia apige moyo konde. "Moyo wangu sina shida nao," alisema. "Mimi nalia kila siku, watu wote wananisikia. Yule ndiye mumwangalie." Baadaye Mwalimu alihamishiwa shule ya Waithaka. Alipakia kitanda na sanduku kwenye mkokoteni, akawashukuru majirani mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa shuleni. Nilirudi likizo nikakuta watu wengine wanaanika nguo mbele ya chumba chake.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa napiga chapa katika ofisi ya wakili mjini, nimeolewa, nina mtoto wa kiume mdogo. Saa ya chakula nilikuwa nakwenda kukaa Bustani ya Jivanjee, kwa kuwa ofisini palikuwa pa joto. Makarani walijilaza kwenye nyasi na viatu wamevua, mhubiri mmoja alikuwa anapaza sauti karibu na lango. Kwenye benchi alikaa mzee mwembamba. Nilimpita, kisha miguu ikarudi yenyewe.

"Mwalimu?"

Aliinua uso. Alinitazama kwa muda. "Rasoa," alisema. Akasogea nikae.

Tuliulizana habari. Baba yangu alikuwa amestaafu, amerudi nyumbani, na Mwalimu alifurahi kusikia. Nilimwambia kuhusu mwanangu. Yeye alikuwa amemaliza utumishi, bado anaishi Waithaka, chumba kimoja, anapanda mboga kidogo. Nilitaka kumuuliza na sikujua nianzie wapi. Akaanza mwenyewe.

"Wafula alikuja."

Nilimshika mkono.

"Alikuja Waithaka, mwaka juzi, mchana. Nilidhani ni mtu anayeuliza njia. Ana mwili sasa. Ni fundi wa magari huko Eldoret, magari makubwa. Mikono yake imejaa mafuta, hayatoki. Alikuwa na mtoto, binti yake, hajaanza hata kutambaa vizuri. Mkewe alikuwa hospitali hapa mjini, akaona apite."

"Mungu ni mwema, Mwalimu."

"Mtoto alilia. Jinsi alivyolia! Alikuwa ananiogopa mimi. Nilinyoosha mikono nimchukue, akazidi. Wafula akamchukua, akatoka naye, akawa anatembea naye chini ya paa, huku na huku. Hakumwambia kitu. Aliweka shavu lake kichwani kwa mtoto, akawa ananguruma kidogo, hivi, kama gari likiwa mbali. Mtoto akatulia. Akalala." Mhubiri alikuwa bado anapiga kelele langoni. "Nikamuuliza, 'Nani alikufundisha hivyo?' Maana sikuwahi kuona mwanamume akifanya hivyo. Akasema, 'Nilijifundisha mwenyewe, Baba.' Hakusema kwa ubaya, Rasoa. Alisema kama unavyomwambia mtu saa."

Nilimwona akitafuta kitu mifukoni, akakosa, akajifuta macho kwa kiganja.

"Nilikuwa na neno la kumwambia. Miaka yote ile nikizunguka gereji nilikuwa nalo, nimelitengeneza, nimelinyoosha. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amelala, ananitazama. Alikuwa ananisubiri, nadhani. Nikamwambia, 'Chai inapoa.'"

"Akafanya nini?"

"Akaja akanywa. Akaimaliza yote. Akasema asante, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga kama mwanamke, hakuona haya, akaenda."

Makarani walianza kuinuka kutoka kwenye nyasi, wakijipangusa suruali. Saa ya kurudi ofisini ilikuwa imefika na kupita. Nilibaki nimekaa.

"Alisema atarudi?" nilimuuliza.

"Alisema mtoto akianza kutembea atamleta, nimwone anavyotembea." Aliangalia watu wakipita mbele yetu, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na haraka yake. "Sasa atakuwa anakimbia," alisema.